Jinsi ya Kurekodi Masimulizi ya Video ya Familia Katika Nyumba ya Mabati

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye simu ya kawaida, picha za zamani alizozipiga upya kutoka kwenye albamu, klipu alizotumiwa na ndugu kwenye WhatsApp, na sherehe inayokaribia. Huenda Dani (ndivyo Wajaluo wanavyomwita nyanya, yaani bibi) anatimiza miaka themanini, huenda ni kumbukumbu ya marehemu, huenda ni harusi ya Desemba. Picha umeshazipanga. Kilichobaki ni sauti ya kueleza nani ni nani na mambo yalikuwaje, na hapo ndipo wengi hukimbilia mjini kuuliza bei ya maikrofoni.

Usikimbilie. Katika nyumba nyingi za huku kwetu, kuanzia mtaa wa Nyalenda hapa Kisumu hadi Kakamega, kinachoharibu sauti ni paa la mabati lisilo na dari, sakafu ya saruji, bodaboda langoni na redio ya jirani. Maikrofoni ya bei ghali ukiiweka katikati ya hayo yote itayanasa yote, tena vizuri zaidi. Ndiyo maana maelezo mengi hapa chini yanahusu karatasi, saa na chumba. Kubonyeza kitufe kwenyewe ni kazi ya muda mfupi.

1. Andika kwanza, na uandikie sikio

Hata kama Dani amekulea mwenyewe na hadithi zake unazijua zote, usirekodi kwa kubuni papo hapo. Utasema "eeh" na "yaani" mpaka ujichukie. Chukua daftari, ugawe ukurasa kwa mstari mmoja wa wima. Kushoto andika picha au klipu inayoonekana, kulia maneno yatakayosikika, na pembeni sekunde ambazo picha hiyo itakaa. Picha mnato ikikaa sekunde nne au tano inatosha, isipokuwa ile yenye watu wengi ambao watazamaji watataka kuwatafuta mmoja mmoja.

Tatizo kubwa la miswada ya nyumbani ni kwamba huandikwa kama wasifu wa kusomwa kaburini. Tazama huu:

"Dani alizaliwa mnamo mwaka wa 1944 katika kijiji kilichoko karibu na Maseno ambako alisoma hadi darasa la nne kabla ya kuolewa na marehemu babu ambaye wakati huo alikuwa mfanyakazi wa reli mjini Kisumu."

Hakuna kosa la sarufi hapo, lakini hakuna pa kuvutia pumzi, na jicho halina kazi ya kufanya. Sasa picha iliyoko kwenye skrini tuseme ni ya msichana amesimama mbele ya ua wa miti:

"Huyu ni Dani. Yuko kwao, Maseno, ana miaka kumi na minane. Viatu alivyovaa si vyake. Ni vya dada yake, na vinambana. Mwaka huo ndipo kijana mmoja wa reli alipoanza kupita hapo kila Jumapili."

Ukitaja viatu, watu wote chini ya hema watashusha macho kwenye miguu yake. Hiyo ndiyo kazi ya masimulizi: kuelekeza jicho mahali ambapo lisingekwenda lenyewe. Yale ambayo picha inayasema wazi, kwamba amevaa gauni jeupe au kwamba anatabasamu, yaache.

Miaka na tarakimu ziandike kwa maneno kwenye mswada. Mwandishi akiona 1944 anaona tarakimu nne tu, lakini msomaji atalazimika kutamka "elfu moja mia tisa arobaini na nne", silabi kumi na sita nzima, na picha imeshapita. Kama tarehe ni ya lazima, iandike kwenye skrini kisha mdomo useme kitu kingine. Sentensi kama "Reli ilifika ziwani mwaka 1901" ni nzuri kwa kitabu. Kwa sauti, weka 1901 kwenye picha ya gati na useme "Reli ilikuwa imefika ziwani kabla babu yake hajaoa."

Kiswahili kina maneno marefu, kwa hiyo usifuate hesabu za Waingereza za maneno 150 kwa dakika. Mimi huhesabu maneno 100 hivi kwa dakika, nikiacha nafasi za picha kupumua. Video ya dakika tano, basi, maneno 500 yaliyojaa kabisa, na ikiwa kuna klipu za watu kuimba au kupiga vigelegele, pungufu ya hapo. Usizungumze juu ya vigelegele. Viache visikike.

Mswada ukishakamilika, usome kwa sauti ukiwa na penseli. Mahali pa kupumzika kidogo chora mkwaju (/) mmoja, mahali pa kunyamaza kabisa chora miwili. Ukiishiwa pumzi kabla ya nukta, sentensi ni ndefu, ikate. Ukijikwaa kwenye neno lile lile kila mara, libadilishe. Hakuna anayekulipa kwa kusema "utekelezaji".

Majina ya watu ni jambo la kuchunga kuliko yote. Wakwe watakaa mstari wa mbele, na jina la baba mkwe likitamkwa vibaya hakuna kingine watakachokumbuka. Kama familia imeoa Kisii, Bungoma na Kericho, mpigie mtu wa huko, umwombe akutumie ujumbe wa sauti akitamka majina polepole, kisha uyaandike jinsi unavyoyasikia.

Tena, usiazime lafudhi. Kuna watu wakiona kitufe chekundu hugeuka watangazaji wa taarifa ya habari ya saa moja. Sauti ya mjukuu wa Kisumu ikisema mambo ya Dani kwa Kiswahili cha Kisumu inaaminika. Ile nyingine inafanya binamu wacheke mahali pasipo na kichekesho.

2. Tafuta saa yenye ukimya

Kila mtaa una saa yake. Njia ya kuijua ni kuweka simu mezani ikirekodi dakika tano bila mtu kusema, asubuhi, mchana na usiku, kisha kusikiliza kwa spika za masikioni. Utashangaa ni mambo mangapi sikio lako limezoea kuyapuuza: friji, mashine ya kuchomelea ya fundi wa mageti, jogoo wa nyumba ya tatu.

Kwa walio kando ya ziwa, alasiri si ya kuitegemea. Mchana upepo wa ziwani huingia nchi kavu, hukutana na hewa ya moto, na mawingu hupanda haraka. Ndiyo maana Kisumu mvua na ngurumo hupenda kuja alasiri na jioni. Mvua ikigonga mabati, kazi imekwisha, kwa sababu hakuna programu itakayoitoa sauti hiyo. Kakamega ndiyo usiseme. Miezi ya Machi hadi Mei panga kumaliza kabla ya adhuhuri.

Alfajiri inaonekana nzuri kwenye karatasi, lakini kuna adhana, kuna jogoo, na kuna kwarara. Ndege huyo akiruka juu ya nyumba akipiga kelele zake, hata aliyelala chumba cha ndani atajua kumekucha. Usiku wa saa nne kuendelea hufaa mitaa mingi, isipokuwa Ijumaa penye kesha, na isipokuwa mvua imenyesha, kwani vyura na nyenje hawalali. Chaguo langu ni siku ya kazi kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Watoto wako shule, watu wako kazini, bodaboda wamehamia mjini. Jumapili asubuhi sahau kabisa.

Stima ikipotea, hiyo nayo ni nafasi. Friji zote zinanyamaza, baa inanyamaza, redio ya jirani inanyamaza. Kuna dakika chache kabla jenereta ya kwanza haijawashwa. Mwenye simu iliyojaa chaji na mswada ulio tayari anaweza kumaliza nusu ya kazi gizani.

3. Tengeneza chumba

Ingia kila chumba, upige kofi moja kali. Sebule yenye sakafu ya saruji na mabati tupu itakujibu kwa mlio unaotetemeka. Chumba cha kulala chenye godoro, mapazia mazito na nguo zilizotundikwa kitanyamaza karibu mara moja. Chumba hicho ndicho studio yako, hata kama ni kidogo na kimejaa mizigo. Mizigo ni mizuri.

Sauti yako hutoka mdomoni, hugonga ukuta, na kurudi kwenye maikrofoni ikiwa imechelewa kidogo. Kurudi huko ndiko kunakofanya rekodi isikike kama imefanyiwa chooni. Kinachozuia ni vitu vizito na vyororo. Leso haitoshi, ni nyepesi mno. Tumia blanketi nene, tena mawili. Fungua kabati la nguo, ukae ukilielekea, na blanketi moja litundike nyuma ya mgongo wako, kwa sababu maikrofoni inakutazama wewe na inasikia kila kinachotoka nyuma yako. Godoro la ziada lisimamishe upande wa ukuta ulio karibu. Kwa paa lisilo na dari, funga blanketi la pili juu ya kamba kama kijihema, ukae chini yake. Utatoka jasho. Rekodi vipande vifupi, utoke upumue, urudi.

Gari nalo ni studio nzuri kuliko watu wanavyodhani. Viti vya kitambaa na zulia hula mwangwi, na vioo vikifungwa kelele za nje hupungua. Omba Probox ya shemeji, iegeshwe kivulini mbali na barabara, injini imezimwa, ukae kiti cha nyuma. Kwa joto la Kisumu fanya hivyo asubuhi.

Kabla ya kuanza, zima feni na friji. Friji ukiizima, weka funguo za nyumba ndani yake, ili usiweze kutoka bila kukumbuka kuiwasha. Kama unarekodi kwa laptopu, chomoa chaja utumie betri, maana stima yetu ya mzunguko wa hezi 50 huacha mngurumo mwembamba ambao utausikia baadaye. Vua bangili na saa yenye mlio.

4. Simu inatosha, ukiiweka vizuri

Maikrofoni ya simu nyingi iko chini, karibu na tundu la chaja. Elekeza sehemu hiyo mdomoni, umbali wa sentimita 15 hadi 20, ambao ni kama urefu wa shubiri, lakini isiwe mbele ya midomo moja kwa moja. Iweke pembeni kidogo, usawa wa pembe ya mdomo, ili pumzi ipite kando yake. Simu isishikwe mkononi. Isimamishe juu ya rundo la vitabu lenye taulo iliyokunjwa chini, vinginevyo kila ukigusa meza itasikika kishindo.

Weka simu kwenye hali ya ndege. Kuzima mlio peke yake hakutoshi, kwani mtetemo wa ujumbe wa M-Pesa katikati ya sentensi kuhusu marehemu ni jambo la kusikitisha.

Kwenye programu ya kurekodi, ingia mipangilio uchague WAV, aina ya faili isiyobana sauti, au ubora wa juu kabisa kama WAV haipo. Kiwango kiwe 48,000 Hz, ambacho ndicho cha video, na chaneli moja, mono. Mtu mmoja anayesema hahitaji stereo. Faili ya namna hiyo ya biti 16 hula karibu MB 6 kwa dakika, kwa hiyo futa memes kwanza.

Usirekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Programu hiyo hubana sauti sana ili isafiri kwa bando dogo, na ukishaibana hairudi. Kama mjomba aliyeko Marekani ndiye atakayesoma sehemu yake, mwambie arekodi kwa programu ya simu yake kisha aitume kama dokumenti, au aiweke Google Drive. Mweleze kabla hajaanza. Ukimwambia baada ya kumaliza atakutumia ile ile.

Ikiwa una pesa kidogo za kutumia, nunua ile maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola. Angalia pini yake: yenye mistari mitatu myeusi ni ya simu, yenye miwili ni ya kamera. Muuzaji wa barabarani atakuambia zote ni sawa. Simu isiyo na tundu la pini itahitaji kiunganishi au maikrofoni ya USB-C. Na ikiwa nyumba yako iko mtaa kama Kondele, kando ya stegi ya matatu, usishawishike na zile maikrofoni kubwa za kondensa zinazoonekana kwenye video za YouTube. Zimeundwa kunasa kila kitu. Maikrofoni ya kawaida ya dainamiki, kama ya kanisani, inayosemewa kwa karibu, sentimita 5 hadi 10, huacha kelele za mbali nje, ila utahitaji kifaa cha kuiunganisha na kompyuta.

Kabla ya kurekodi mswada, jaribu sentensi mbili. Ya kwanza: "Babu alipanda pikipiki mpaka Paponditi." Isikilize. Kama kila *p* na *b* inagonga kama mtu anayepuliza mshumaa, sogeza simu pembeni zaidi, au vuta soksi ndefu ya nailoni kwenye waya wa kutundikia nguo na uiweke kati yako na simu. Ya pili: "Sisi sote wa Usoma tulisoma shule za Seme." Kama *s* zinachoma sikio, geuza kichwa kidogo tu.

Kisha angalia kipimo cha sauti. Sema ile sentensi utakayoisema kwa nguvu kuliko zote. Kilele chake kiwe kati ya desibeli -12 na -6. Ikigusa sifuri, sauti imekatwa juu na hairekebishiki vizuri. Ikiwa chini sana, ukiipandisha baadaye utaipandisha pamoja na kelele za chumba. Programu isiyo na kipimo cha namba huwa na mawimbi yanayopanda na kushuka: yasifike ukingoni.

5. Kurekodi

Kunywa maji saa moja kabla, siyo dakika ile ile. Chai ya maziwa wengi huona inanata kooni, na soda ya baridi utakuja kuijua kwa kubeua. Simama, au keti wima kwenye ukingo wa kiti. Karatasi zisishikwe, zitandaze kitandani upande mmoja ulioandikwa, usizigeuze wakati unasoma.

Bonyeza kurekodi, unyamaze sekunde kumi. Ukimya huo wa chumba utauhitaji wakati wa kusafisha, na pia wa kuziba pengo kati ya sentensi. Taja sehemu: "Picha ya Maseno, mara ya kwanza." Halafu anza.

Mfikirie mtu mmoja unayemweleza. Kwa video ya Dani, chagua mtoto mdogo wa ukoo ambaye hajawahi kumwona babu. Ukimwambia huyo, sauti itashuka yenyewe kutoka kwenye hotuba hadi kwenye mazungumzo. Tabasamu penye furaha, maana tabasamu husikika. Penye huzuni usijilazimishe kilio. Soma polepole, watu watalia wenyewe.

Ukikosea, usizime. Piga kofi moja, nyamaza, rudia sentensi nzima kuanzia mwanzo. Kofi litaonekana kwenye mawimbi kama mwiba mrefu, na wakati wa kukata utayafuata makofi tu. Usirudie neno moja peke yake, halitaungana na wenzake: pumzi ni tofauti, kimo cha sauti ni tofauti.

Ndege ikipita kwenda uwanja wa ndege, ngoja ipite. Pikipiki ikipita, ngoja. Usiseme "si kubwa sana". Kila sehemu irekodi angalau mara mbili nzima, na umalize zote siku hiyo hiyo, kwa umbali ule ule. Sauti ya asubuhi na sauti ya usiku za mtu yule yule hazifanani, na kiungo kitasikika.

CapCut na programu nyingine za kuhariri video zina kitufe cha kurekodi sauti ukiwa unatazama picha. Kwa sentensi mbili tatu ni sawa. Kwa video nzima mimi hupendelea kurekodi sauti kwanza, kisha kunyoosha picha zifuate sauti. Msimulizi anayekimbizana na picha husikika anakimbia.

6. Dani akisema mwenyewe

Kama Dani yu hai na anapenda kuongea, dakika moja ya sauti yake ina thamani kuliko mswada wako wote. Ila huwezi kumpa karatasi asome. Nenda kwake, umsalimie, ule ulichoandaliwa, ndipo useme shida yako. Mweleze video itaonyeshwa wapi na nani ataiona, umwombe ruhusa. Wazee wengine hawataki picha ya fulani itajwe mbele za watu, na wana sababu zao.

Mketishe kwenye kiti cha kitambaa chumbani, siyo chini ya mwembe. Mwembe ni mzuri kwa macho, lakini kuna upepo, kuku na wapita njia watakaosalimia. Maikrofoni ya kola ndiyo inayofaa hapa. Ibane mbali na shanga na mtandio. Kama huna, weka simu kwenye stuli karibu naye juu ya leso iliyokunjwa mara nyingi, uifunike kidogo kwa mkoba asiione sana. Anajua inarekodi, ni ile taa inayomtisha.

Usiulize maswali ya ndiyo na hapana. "Dani, siku ile mlipohamia Kisumu mlibeba nini?" itakuletea masufuria, kuku aliyetoroka kituoni, na majina ya majirani. "Maisha ya zamani yalikuwa mazuri?" itakuletea "Ndiyo, mjukuu wangu." Akisema, tikisa kichwa, usiitikie kwa mdomo. "Mm, mm" zako zitabaki juu ya maneno yake daima. Akinyamaza, hesabu moyoni kabla ya kuuliza lingine. Mara nyingi jambo zito linakuja baada ya kimya hicho.

Atahamia Dholuo, au Kinyore kama alitoka upande huo. Mwache. Kwenye video, acha asikike peke yake kwa sekunde nne au tano, kisha ishushe sauti yake iwe nyuma, na wewe useme kwa Kiswahili anachokisema, ukimaliza kabla yake kidogo ili neno lake la mwisho lisikike wazi. Au andika Kiswahili chini ya picha. Watoto waliozaliwa Nairobi watasoma.

7. Kusafisha, kidogo tu

Kwenye kompyuta, Audacity ni ya bure na inatosha. Kwenye simu ya Android, Lexis Audio Editor hufanya kazi zile zile za msingi. Fanya nakala ya faili kwanza, kisha ufuate mpangilio huu, maana ukiugeuza utapandisha kelele kabla ya kuzitoa:

Kata makosa, ukifuata yale makofi. Chagua zile sekunde kumi za ukimya, zipe programu ijifunze kelele ya chumba chako, kisha chagua rekodi yote na upunguze kelele kwa desibeli 6 hadi 12. Usizidishe. Ukizidisha sauti huanza kububujika kama mtu yuko ndani ya mtungi, na kelele kidogo ya chumba ni afadhali kuliko hiyo. Weka kichujio kinachokata masafa yaliyo chini ya 80 Hz. Hapo ndipo mngurumo wa lori la mbali unapokaa, na sauti ya mtu haipotezi kitu. Bana tofauti ya sauti kubwa na ndogo kwa uwiano wa 2:1 au 3:1. Mwisho pandisha kiwango chote hadi kilele kifike karibu desibeli -3.

Pumzi usizifute zote. Punguza zile kali tu. Mtu asiyepumua anatisha.

Muziki ukae chini ya sauti kwa desibeli 15 hadi 20, na pale unaponyamaza uupandishe taratibu. Wimbo wenye maneno usiuweke chini ya maneno, vinginevyo watu watasikiliza wimbo. Kama video itapanda YouTube, wimbo wa msanii unaweza kutambuliwa na mfumo wao wa hakimiliki, na video ikafungwa au kuwekewa matangazo. Maktaba ya sauti ya YouTube ina muziki wa bure. Bora zaidi, kama kuna mjomba anayepiga nyatiti au litungu, mrekodi dakika tatu katika chumba kile kile.

Sikiliza kazi iliyokamilika kwa spika ya simu, si kwa spika za masikioni peke yake. Ndivyo watu wengi watakavyoisikia wakitumiwa. Kama neno linapotea hapo, muziki ni mkubwa.

8. Kuhifadhi na kuonyesha

Ile sauti mbichi ya Dani, isiyokatwa, iweke kwenye flashi na kwenye Google Drive, jina la faili likiwa na jina lake, mahali na mwaka. Simu huibwa. Video iliyokamilika itume kwa WhatsApp kama dokumenti, siyo kama video, ili isibanwe. Dokumenti huweza kufika GB 2.

Kama itaonyeshwa chini ya hema kwa projekta, sauti haitapita kwenye spika ndogo bali kwenye zile kubwa za kukodi, na hizo huwa zimewekwa kwa ajili ya densi. Besi yake itafanya maneno yako yawe "bum bum". Fika mapema kabla ya wageni, cheza dakika moja, kisha uende kusimama mahali viti vya nyuma vilipo. Mwambie fundi apunguze besi, apandishe sauti za kati, na azime ule mwangwi anaouacha umewashwa kwa ajili ya MC.